Kalsiamu imepanda au imeshuka: tafuta chanzo kabla ya kutoa vidonge

Mgonjwa analalamika ganzi midomoni. Damu inapimwa, kalsiamu iko chini, anapewa vidonge vya kalsiamu na kuambiwa aende nyumbani. Mwezi haujaisha amerudi na ganzi ileile. Mwingine kalsiamu yake imekuwa juu kidogo kwa miaka, na kila anayeliona jibu anaahidi kulifuatilia, mpaka siku anapolazwa kwa jiwe la figo. Wote wawili wamekosa kipimo kimoja: homoni ya parathairoidi, yaani PTH, kutoka damu iliyotolewa wakati uleule na ile ya kalsiamu.

Mwongozo huu unakwenda kwa dalili. Ni wa mwanafunzi wa tiba, wa mhudumu wa kliniki, na pia wa mgonjwa anayetaka kuelewa karatasi ya majibu aliyokabidhiwa. Swali linaloongoza kila hatua ni hili: kwa kiwango hiki cha kalsiamu, je, tezi inafanya inachopaswa kufanya?

Nani anafanya kazi gani

Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna vitezi ambavyo kwa watu wengi huwa vinne, kila kimoja kikiwa na uzito wa miligramu 30 hadi 50 hivi. Seli zake zina kipokezi kinachohisi kalsiamu ya damu. Kalsiamu ikishuka hata kidogo, PTH humwagwa mara moja. Ikipanda, PTH hukatwa. Homoni hii haikai kwenye damu, kwani nusu yake huondoka ndani ya dakika chache. Kwa hiyo PTH iliyopimwa leo haiwezi kufafanua kalsiamu ya wiki iliyopita.

PTH hufanya mambo matatu. Hufungua akiba ya mifupa, ambamo asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imehifadhiwa. Huziamuru figo zirudishe kalsiamu kwenye damu na kuitupa fosfeti, madini yanayokaa pamoja na kalsiamu mifupani, kwenye mkojo. Na huzifanya figo hizohizo ziamilishe vitamini D. Vitamini hiyo, iwe imetoka kwenye ngozi iliyopigwa na jua au kwenye chakula, hupita kwanza kwenye ini, halafu kwenye figo, na hapo ndipo inapogeuka kuwa kalsitrioli, homoni kamili inayoufanya utumbo unyonye kalsiamu. Mhusika mwingine alijulikana baadaye: FGF23, homoni inayotoka kwenye seli za mifupa, ambayo hutupa fosfeti na kupunguza kalsitrioli.

Kalsitonini, inayotoka kwenye thairoidi, imepewa nafasi kubwa mno katika vitabu vya shule. Mtu aliyeondolewa thairoidi yote hana kalsitonini ya maana, na kalsiamu yake haipandi kwa sababu hiyo. Mwenye saratani ya seli zinazoitengeneza anayo tele, na kalsiamu yake haishuki. Kama dawa ina kazi yake, tutaikuta mbele. Kama chanzo cha tatizo la kalsiamu, usipoteze muda nayo.

Kwanza hakikisha namba ni ya kweli

Karibu nusu ya kalsiamu ya damu iko huru, na hiyo peke yake ndiyo inayohisiwa na mishipa ya fahamu, misuli na tezi. Kiasi cha asilimia 40 kimeshikana na protini, hasa albumini. Kipimo cha kawaida hujumlisha vyote, na kwa mtu mzima huwa kati ya 2.2 na 2.6 mmol/L (maabara inayotumia mg/dL itaandika takriban 8.8 hadi 10.4).

Chukua mgonjwa wa ini mwenye kalsiamu 2.05 na albumini 25 g/L. Kanuni ya kukadiria inasema: kwa kila 10 g/L ambazo albumini imepungua chini ya 40, ongeza 0.2 mmol/L. Yake imepungua kwa 15, kwa hiyo unaongeza 0.3 na kupata 2.35. Hana upungufu wowote, na vidonge havitamsaidia. Kwa mgonjwa mahututi kanuni hii hudanganya, hivyo kama mashine ipo, pima kalsiamu huru moja kwa moja.

Halafu kuna makosa ya tyubu. Ile yenye kifuniko cha zambarau ina EDTA ya potasiamu, kemikali inayozuia damu isigande kwa kuikamata kalsiamu. Damu kidogo tu kutoka humo ikiingia kwenye tyubu ya seramu (majimaji yanayobaki damu ikiganda), kalsiamu itasomeka chini mno, potasiamu itakuwa juu ajabu, na kimeng'enya cha alkalaini fosfatesi kitashuka. Ukiyakuta matatu hayo kwa mtu anayetembea na kuzungumza bila shida, toa damu upya kabla ya kumtundikia dripu. Hata hivyo, tyubu hiyohiyo ya zambarau ndiyo inayofaa kwa PTH, kwa kuwa homoni hudumu zaidi humo. Chukua tyubu mbili, ya seramu ikitangulia. Mkanda wa kufungia mkono nao ukikaa muda mrefu huongeza protini na kuipandisha kalsiamu kwa uongo. Na mgonjwa anayemeza bayotini, aina ya vitamini B, kwa ajili ya nywele au kucha aiache siku chache kabla ya kupimwa, kwa sababu katika baadhi ya mashine huifanya PTH isomeke chini kuliko ilivyo.

Ganzi, misuli kukaza, degedege

Upungufu huanzia pembeni mwa mdomo na kwenye ncha za vidole: kama sindano ndogondogo, kisha ganzi. Baadaye mikono na miguu hukaza. Ukitaka kuthibitisha ukiwa kando ya kitanda, funga mkanda wa kipimo cha presha, ujaze hewa hadi upite presha ya juu kwa kama 20 mmHg, na usubiri dakika 3. Mwenye upungufu atakunja kifundo cha mkono, kidole gumba kitaingia kiganjani, na vidole vingine vitanyooka vikiwa vimebanana. Hawezi kuvifungua mwenyewe, na inauma. Achia hewa mara uonapo hivyo. Kugonga shavu mbele ya sikio uone kama mdomo utatikisika ni kipimo dhaifu zaidi, kwani hata baadhi ya watu wenye afya hutikisika.

Kama jumla ya kalsiamu ni sawa lakini vidole vimekaza, mtazame anavyopumua. Mtu mwenye hofu anayehema harakaharaka hupoteza kaboni dayoksaidi, damu inakuwa ya alkali zaidi, na albumini huikamata kalsiamu iliyokuwa huru. Akipumua polepole, vidole hufunguka. Kinyume chake kipo na ni cha hatari: mgonjwa wa figo mwenye asidi nyingi na kalsiamu ndogo, akipewa baikaboneti kabla ya kalsiamu, anaweza kuanza degedege palepale kitandani.

Upungufu ukiwa wa kweli, soma PTH.

*PTH iko chini, au "iko sawa".* Kalsiamu ikiwa chini, PTH ilitakiwa kuwa juu sana. PTH iliyo katikati ya kiwango cha kawaida, hapa, ni tezi iliyoshindwa kazi. Sababu ya kwanza ya kuuliza ni upasuaji wa shingo: thairoidi ikiondolewa, vitezi hivi huweza kujeruhiwa, kukosa damu, au kuondoka nayo. Kalsiamu hufika chini kabisa kati ya saa 24 na 72 baada ya upasuaji, mara nyingi mgonjwa akiwa ameshapewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Wengi hupona ndani ya wiki au miezi. Ikizidi miezi 12, tatizo huhesabiwa kuwa la kudumu. Pasipo kovu shingoni, fikiria kinga ya mwili inayoshambulia tezi. Kwa mtoto mchanga mwenye kasoro ya moyo, fikiria kipande kilichokosekana kwenye kromosomu ya 22.

Sababu inayosahaulika kuliko zote ni upungufu wa magnesi, madini mengine ya damu. Ikipungua sana, tezi hushindwa kutoa PTH, na hata kile kidogo kinachotoka hakisikilizwi na mifupa. Huyu ndiye mgonjwa anayemeza kalsiamu wiki baada ya wiki bila kupanda. Muulize kuhusu kuharisha kwa muda mrefu, pombe nyingi, dawa za kuongeza mkojo, sisplatini (dawa ya saratani), na hasa omeprazoli na ndugu zake, dawa za asidi ya tumbo ambazo watu humeza kwa miaka bila mtu kuwauliza. Ukimpa magnesi, PTH huinuka upesi, ila kalsiamu huchukua siku kadhaa, kwa hiyo usikate tamaa kesho yake asubuhi.

*PTH iko juu.* Tezi inahangaika ipasavyo. Tatizo liko kwingine. Sasa itazame fosfeti. Ikiwa chini, PTH inaitupa kama kawaida, na mtuhumiwa mkuu ni upungufu wa vitamini D. Pima ile iliyotoka kwenye ini, 25-haidroksi vitamini D. Chini ya 30 nmol/L ni upungufu. Usipime kalsitrioli ukitafuta upungufu huu. PTH iliyo juu huzilazimisha figo kutengeneza kalsitrioli kutokana na kile kidogo kilichobaki, kwa hiyo jibu linaweza kurudi likiwa sawa au hata juu, na mgonjwa akaambiwa ana vitamini ya kutosha wakati mifupa yake inalainika.

Fosfeti ikiwa juu pamoja na PTH, angalia kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zikishindwa kazi. Figo zilizochoka haziwezi kutupa fosfeti wala kukamilisha vitamini D, na huo ndio mwanzo wa ugonjwa wa mifupa kwa watu wa figo. Kama figo ni nzima na misuli haijapondeka (ikipondeka nayo humwaga fosfeti), tazama mikono. Mgonjwa akikunja ngumi na kifundo cha kidole cha nne kikazama badala ya kusimama, huenda mwili wake umezaliwa usiitii PTH, hali ambayo Fuller Albright na wenzake waliieleza mwaka 1942. Homoni ipo tele, ila ujumbe haufiki.

Tiba ya tezi isiyofanya kazi ina mtego wake. Hutolewa kalsiamu pamoja na vitamini D iliyokwisha kuamilishwa, kalsitrioli au alfakalsidoli, kwa sababu pasipo PTH figo haziwezi kuiamilisha ya kawaida vizuri. Shabaha ni kalsiamu kukaa kwenye ukingo wa chini wa kiwango cha kawaida, dalili zikiwa zimetulia. Ukimvuta hadi katikati, figo zake, ambazo hazina PTH ya kuziambia zirudishe kalsiamu, huimwaga kwenye mkojo. Hivyo ndivyo mtu aliyetibiwa ganzi anavyoishia na mawe ya figo. Mpime mkojo pia, usipime damu tu.

Kiu, mkojo mwingi, choo kigumu, mawe, huzuni isiyoeleweka

Kalsiamu iliyozidi hupunguza nguvu za figo za kubana mkojo. Mgonjwa anakojoa sana, anakauka, na ukavu wenyewe unaipandisha kalsiamu zaidi. Tumbo huzembea. Kichwa huwa kizito: kusahau, kukosa hamu, huzuni. Wengi huambiwa ni umri au msongo wa mawazo, na hilo linaniuma, maana kipimo chenyewe ni cha kawaida kabisa.

*PTH iko juu, au "iko sawa".* Hapa ndipo majibu mengi husomwa vibaya. Kalsiamu ya 2.80 ilipaswa kuizima PTH. Ikiwa ipo, hata kama karatasi haijaiwekea alama yoyote, tezi inatoa homoni bila kusikiliza. Mara nyingi, kama asilimia 80 hadi 85, ni uvimbe usio wa saratani kwenye kitezi kimoja, na huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Saratani ya kitezi ipo, ila ni chini ya asilimia 1.

Kabla ya kumpeleka kwa mpasuaji, fanya mawili. Muulize kama anatumia lithiamu (dawa ya magonjwa ya akili) au dawa za presha za kundi la thiazaidi. Kisha kusanya mkojo wa saa 24 upime kalsiamu na kreatinini. Uwiano wa kasi ambayo figo huondoa kalsiamu dhidi ya kreatinini ukiwa chini ya 0.01, na vitamini D ikiwa ya kutosha, fikiria hali ya kurithi ambapo kipokezi cha kalsiamu hakihisi vizuri. Watu hawa huishi salama na kalsiamu iliyo juu kidogo, na mzazi au ndugu mara nyingi yuko vivyo hivyo. Kuwapasua ni kuwaumiza bure.

Upasuaji hupendekezwa kalsiamu ikizidi ukomo wa juu kwa zaidi ya 0.25 mmol/L, umri ukiwa chini ya miaka 50, au kukiwa na mawe, mifupa iliyodhoofika, uti wa mgongo uliovunjika, au figo zilizopungua nguvu. Picha za shingo ni za kumwonyesha mpasuaji pa kwenda. Picha isiyoonyesha kitu haifuti ugonjwa ambao damu imeshauthibitisha, kwa kuwa kitezi kinaweza kujificha. Nahodha Charles Martell, baharia wa Marekani, alipoteza kimo cha karibu sentimita 18 kadiri mifupa yake ilivyoporomoka. Alipasuliwa mara kwa mara kuanzia mwaka 1926, na uvimbe ukaonekana katika upasuaji wa saba, mwaka 1932, ukiwa kifuani na siyo shingoni. Alifariki wiki chache baadaye.

Anayesubiri upasuaji, au asiyeuhitaji, anywe maji ya kutosha na asijinyime kalsiamu ya chakula. Kujinyima huichochea PTH zaidi, na mifupa ndiyo inayolipa.

*PTH imezimika.* Tezi imetii. Kuna kitu kingine kinachoingiza kalsiamu. Ikiwa imepanda haraka, kwa wiki chache, kwa mtu anayekonda, tafuta saratani bila kuchelewa. Baadhi ya saratani, hasa za mapafu, figo, matiti na zile zinazoota kwenye ngozi za juu za koo na kichwa, hutoa protini inayofanana na PTH kwa kiasi cha kufungua vipokezi vyake, lakini kipimo cha PTH hakiioni. Saratani ya uboho nayo hula mifupa moja kwa moja.

Sarkoidosisi, ugonjwa ambao seli za kinga hujikusanya kwenye mapafu na viungo vingine, na kifua kikuu huja kwa njia tofauti. Seli za kinga zilizokusanyika kwenye vidonda zina uwezo wa kutengeneza kalsitrioli zenyewe, bila kuiomba PTH ruhusa. Hapa, tofauti na kule kwenye upungufu, kupima kalsitrioli kuna maana. Mgonjwa wa namna hii akipewa vitamini D kwa kuwa ile ya ini imeonekana ndogo, kalsiamu yake inaweza kuruka.

Mwisho, mwombe alete kila anachomeza, pamoja na vile asivyoviita dawa. Matone ya vitamini D ya nguvu nyingi, vidonge vya kalsiamu vikichanganywa na dawa za kiungulia zenye kalsiamu kaboneti: hivi vinaweza kumfikisha mtu kwenye figo kushindwa kazi, naye akidhani anajenga mifupa. Vitamini D hujihifadhi kwenye mafuta ya mwili, hivyo kalsiamu inaweza kubaki juu kwa wiki nyingi baada ya kuacha.

Mifupa inauma, kalsiamu iko sawa

Kalsiamu iliyo sawa haimaanishi mifupa iko sawa, maana PTH inaweza kuwa inaikopa humo kila siku ili damu ionekane nzuri. PTH iliyo juu na kalsiamu ya kawaida: anza na vitamini D na figo. Mtoto mwenye matege, PTH isiyopanda sana na fosfeti iliyo chini, ambaye vitamini D haimsaidii, huenda ana FGF23 nyingi ya kurithi. Kumwongezea dozi za vitamini D pekee hakutamnyoosha miguu, anahitaji bingwa.

Hapa usisubiri majibu ya homoni

Kalsiamu chini ya 1.9 mmol/L, au ya kiwango chochote yenye degedege, koo kubana au moyo kwenda ovyo: kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10 hadi 20, kwenye mshipa, ndani ya dakika 10, mapigo ya moyo yakiangaliwa kwenye ECG, mashine inayochora umeme wa moyo. Usiichanganye na baikaboneti wala fosfeti kwenye dripu moja, itaganda. Tyubu ya PTH ichukuliwe kabla, kama haicheleweshi sindano.

Kalsiamu zaidi ya 3.5, au mgonjwa aliyechanganyikiwa: maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kwanza, kwa kiasi ambacho moyo na figo zake vinakimudu, kisha asidi ya zoledroniki, dawa inayozuia mifupa isimegwe. Dawa hiyo huchukua siku 2 hadi 4 kuonyesha nguvu. Pengo hilo ndilo linalozibwa na kalsitonini: hushusha kalsiamu ndani ya saa chache, na baada ya siku mbili hivi mwili huizoea.

Baada ya uvimbe wa parathairoidi kuondolewa, mifupa iliyokuwa ikinyonywa kwa miaka huanza kuvuta kalsiamu kwa pupa, na kalsiamu ya damu inaweza kushuka ghafla ingawa upasuaji umefanikiwa. Anayeanza denosumabu, sindano ya kuimarisha mifupa, akiwa na figo mbovu au vitamini D kidogo naye huweza kushuka vivyo hivyo, wiki chache baada ya sindano. Kwa wote wawili pima kalsiamu, fosfeti na magnesi mara kwa mara katika kipindi hicho, na uwaambie kabla hawajatoka mlangoni kwamba ganzi pembeni mwa mdomo ni sababu ya kurudi siku hiyohiyo.